Jina la Ami Yangu Lisomeke Hapa Visiwani

Kwa Mheshimiwa Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi,
kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
kwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi,
na kwa wote waliokabidhiwa nyaraka na makumbusho ya Zanzibar.

Waheshimiwa, Assalaamu alaykum.

Mimi ni mtembeza wageni. Boti yangu inalala Malindi, na kwa miaka 23 sasa nawavusha watu kwenda visiwa vidogo vilivyo mbele ya Mji Mkongwe: Changuu, Bawe na Chapwani. Chapwani ndiyo iliyonifanya nikuandikieni kuhusu ami yangu, aliyekufa katika vita vya Kagera.

Wageni wengi wanashuka pale kwa ajili ya mchanga, paa na popo. Wachache wanaulizia makaburi. Wamezikwa pale mabaharia wa Kiingereza, wakiwemo wa karne ya 19 waliokuwa wakiyasaka majahazi ya watumwa, kama Kapteni Charles Brownrigg aliyeuawa karibu na Pemba mwaka 1881. Wapo pia wa manowari Pegasus. Hao walikufa Jumapili ya Septemba 20, 1914. Meli yao ilikuwa imetia nanga hapa bandarini inatengenezwa injini, na alfajiri ikatokea manowari ya Kijerumani, Königsberg, ikaipiga pale pale ilipo. Walikufa zaidi ya watu 30, na Pegasus ikazama siku hiyo hiyo.

Siku moja nilimvusha bibi mmoja wa Kiingereza, mtu mzima sana, tukamshusha kwenye boti kwa kumshika mikono miwili. Ndugu wa babu yake alikuwa mchochea moto wa boila katika Pegasus. Bibi yule alikaa chini kwenye majani makavu, akafungua mkoba, akatoa karatasi akanionesha. Ilikuwa nakala ya kumbukumbu za utumishi za yule baharia. Iliandikwa siku aliyoingia kazini, meli zote alizopanda, tabia yake mwaka hadi mwaka, urefu wake, rangi ya nywele. Pakaandikwa na rangi ya macho yake: kahawia.

Alipomaliza dua yake akanigeukia. Akaniuliza, na nyinyi wenu wako wapi?

Nikamwambia ninaye ami yangu. Akaniuliza kaburi liko wapi, nikamwambia liko bara, mbali. Akaniuliza vitani alifanya kazi gani. Hapo nikajibu maneno mawili tu, "fundi wa ndege", kisha nikanyamaza, kwa sababu wakati ule zaidi ya hayo sikuwa na ninalolijua. Tulirudi Malindi kimya. Tangu siku hiyo jambo hili halijaniacha.

Ami yangu alizaliwa Pemba, upande wa Wete, mtoto wa tatu wa bibi yangu. Jina lake sitaliandika hapa. Nimeliandika kamili, pamoja na namba yake ya jeshi, katika nakala nitakazozileta kwa mkono ofisini kwenu. Aliingia Jeshi la Wananchi mwaka 1973, akapelekwa upande wa anga. Jeshi letu la anga lilikuwa bado changa. Lilianza katikati ya miaka ya 1960 kwa msaada wa Canada, iliyotupatia ndege za uchukuzi za Caribou, kisha wakaja Wachina na ndege za kivita, wakasaidia kujenga kambi ya Ngerengere, Morogoro. Ami hakuwa rubani, na hilo nataka lieleweke tangu mwanzo. Mtu akisikia askari wa anga humfikiria yule aliyekaa mbele na kofia ngumu kichwani. Lakini rubani haruki mpaka fundi amwambie ruka.

Mara ya mwisho kumuona ilikuwa Idd el Fitr ya mwaka 1978, mwezi wa Septemba. Nilikuwa na miaka 8. Alikuja na MV Mapinduzi, kavaa nguo za kiraia, kamletea mama yake tochi ya mawe matatu. Sisi watoto tulimzunguka tukimuuliza ndege inashikwa na nini juu hata isianguke. Akachana ukurasa wa daftari langu la skuli, akaushika kwa ncha mbili karibu na mdomo, ukurasa ukaning'inia chini. Akapuliza kwa juu. Ile karatasi ikanyanyuka yenyewe, ikakaa sawa na upepo. Tulipiga kelele mpaka bibi akatoka jikoni. Akatwambia, "Hivyo tu. Upepo ukipita juu kwa nguvu, bawa linapanda." Nina watoto na wajukuu sasa, na wote nimewafundisha kupuliza karatasi.

Oktoba 30, 1978, majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka wa Kagera. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akazungumza na nchi. Kwetu ulikuwa msimu wa karafuu. Bibi alikuwa kakaa juu ya jamvi anachambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule, na redio ya jirani imewekwa dirishani ili uwanja mzima usikie. Mwalimu aliposema kuwa uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, wanaume waliokuwa pale wakaitikia kwa sauti. Bibi hakusema kitu. Mikono yake ikaendelea kwenda. Siku ya pili tulipokwenda kuanika tukakuta lundo zima limechanganyika, makonyo ndani ya karafuu na karafuu ndani ya makonyo, ikabidi kazi ianze upya. Mama yangu alituamrisha tusimwambie.

Waheshimiwa, vita vile tunavisimulia kwa miguu. Tunasimulia daraja la Kyaka lililovunjwa, Mutukula, Masaka, Lukaya, mpaka Kampala ilipochukuliwa Aprili 1979, na vijana wetu wakaendelea hadi mpaka wa Sudan. Tunawataja makamanda kama Musuguri na Mayunga. Tunaitaja saba saba, mizinga ile ya maroketi. Ni haki yao wote, na mimi siwapunguzii hata chembe. Lakini waliokuwa angani na waliokuwa chini ya mabawa hawatajwi. Ndege za Amin ziliipiga Bukoba. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ikaitafuta Mwanza, ikakosea shabaha na kupiga kisiwa cha Saanane, wakafa wanyama wa hifadhi. Siku chache tu baadaye ndege zetu zikapiga ndani ya Uganda. Nani alizijaza mafuta usiku ule? Nani alilala chini ya tumbo la ndege na bisibisi mdomoni? Watu wale wana majina, na baadhi yao ni watoto wa Unguja na Pemba.

Habari ya ami ilitufikia Mei 1979, mvua za masika zinanyesha. Barua ilikuwa ya taipu, mistari mitano. Jina, namba, tarehe ya kifo, kwamba amefariki akiwa katika utumishi wa vita na kuzikwa na wenziwe kwa heshima, na pole kwa familia. Sina lawama na mtu aliyeiandika. Nadhani siku hiyo aliandika nyingi.

Tatizo ni kwamba barua ilichukua wiki tatu njiani. Maalim alipoletewa aisome, jambo la kwanza alilofanya ni kutazama tarehe, kwa sababu eda inahesabiwa tangu siku ya kifo. Kwa hiyo mke wa ami, ambaye sisi tunamwita Mama Mdogo, aliambiwa wakati mmoja mambo mawili: kwamba mumewe amefariki, na kwamba katika ile miezi minne na siku kumi ya eda, wiki tatu zimeshapita. Wiki hizo tatu alikuwa amejipaka hina. Alikuwa anamngoja mtu wake, kwa sababu redio ilikuwa imeshasema Kampala imeanguka na watu wanasema vijana watarudi. Ameniambia mwenyewe kuwa katika yote, hina ile ndiyo inayomuuma. Ilikuwa haijafutika viganjani siku aliyovaa nguo za eda.

Tulimsalia sala ya ghaibu msikitini baada ya Ijumaa. Tukasoma khitma. Basi.

Miaka 37 nzima hakuna lililoongezeka juu ya mistari ile mitano. Kisha mwaka 2016 nilikwenda Pemba kwenye harusi, nikakaa na wazee barazani Chake Chake, na katika mazungumzo mzee mmoja akasema alikuwa jeshini upande wa ndege. Nikamtajia jina la ami. Yule mzee alivua kofia yake, akaiweka gotini, akakaa muda. Halafu akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Alinieleza usiku kucha. Alisema wao wawili walikuwa kwenye ndege za kuchukua mizigo, zile Caribou za injini mbili za pangaboi, zinazoweza kutua kwenye kiwanja kifupi cha udongo. Kwenda walibeba risasi, dawa na chakula. Kurudi walibeba majeruhi. Alisema mafuta yalikuja kwa mapipa, na mapipa yakikaa nje wakati wa mvua, maji huingia. Maji yakifika kwenye injini ikiwa juu, injini inazima. "Kwa hiyo kila alfajiri, mwanangu, unachota mafuta kidogo chini ya tangi, unayatia kwenye chupa nyeupe, unayamulika kwa tochi. Kama maji yamo, utayaona yamekaa chini, yamejitenga kama tone la zebaki. Unamwaga, unachota tena, mpaka yatoke safi. Ami yako hamuachii mtu chupa ile. Hata akiwa na homa. Anasema akilala yeye, watu wanaanguka."

Akanieleza na jambo jengine. Majeruhi wakishateremshwa, sakafu ya ndege inabaki na damu, na safari inayofuata wanapanda vijana wapya wanaokwenda mbele. Ami alikuwa akichukua ndoo na fagio, anaosha mwenyewe, peke yake, anakausha kwa magunia. Hakuwa amepewa amri. Alisema hawa watoto wasianze kwa kuiona hii.

Nilirudi nyumbani asubuhi nikamsimulia Mama Mdogo neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Jioni akatoka akaniambia, "Sasa namjua." Walioana mwaka 1977. Yeye alimjua kwa miaka miwili, na hiyo miwili yenyewe ni ya likizo na barua. Ilimbidi angoje uzee wake ili apate kujua mumewe alikuwa mtu wa namna gani kazini, na alijua kwa sababu mimi nilikwenda harusini nikakaa baraza hii badala ya ile.

Mzee wa Chake Chake alifariki mwaka 2021, Mungu amrehemu. Alipokuwa hai hakuna aliyemrekodi. Mimi sikuwa na akili ya kuwasha simu usiku ule.

Hapo ndipo ombi langu linapoanzia. Kijana aliyekuwa na miaka 22 mwaka 1978 leo ni mzee wa miaka karibu 70 au ameivuka. Wapo wachache Unguja, wapo wachache Pemba, wanakaa barazani, wanacheza bao, wanaugua kisukari. Kila mwezi unaopita kuna chupa nyeupe moja inayovunjika. Nyaraka za Taifa tunazo pale Kilimani, zina watu wanaojua kazi ya kuhifadhi. Watumwe na kinasa sauti, shehia kwa shehia. Masheha wanawajua wazee wao wote na hawashindwi kuonesha nyumba. Wawaulize si habari za makamanda tu. Wawaulize kuhusu wapishi, madereva, watu wa redio, wapakia mabomu, mafundi. Wawaulize majina ya wenzao waliobaki kule.

Mgeni mwengine, mtu anayefuatilia habari za marubani wa zamani, aliwahi kunisimulia kisa kilichotokea jirani zetu hapa, kwenye delta ya Rufiji. Januari 6, 1917, rubani wa Kiingereza Edwin Moon, mtu wa Southampton, aliruka na ndege ya majini pamoja na Kamanda Richard Bridgeman kwenda kupeleleza. Injini ikawaangusha, ikabidi watue kwenye maji ya mikoko. Wakatangatanga siku kadhaa bila chakula, mikono na miguu imechanika, mpaka Bridgeman akafa kwa kuchoka na kuishiwa nguvu, na Moon akashikwa na Wajerumani. Moon naye alikuja kufa kwa ajali ya ndege Uingereza mwaka 1920. Yote haya yameandikwa, siku kwa siku. Mikoko ile ndiyo iliyotupa boriti za nyumba za Mji Mkongwe, mabaharia wetu wameijua kwa mamia ya miaka. Leo mgeni anaweza kunieleza ndani ya mikoko yetu mtu wake alilala wapi mwaka 1917, na mimi siwezi kumueleza ami yangu alifia wapi mwaka 1979.

Siwaonei choyo wafu wa Waingereza. Kule Chapwani mimi mwenyewe nafagia majani juu ya makaburi yale, wala silipwi kwa hilo. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola imewatunza watu wake tangu 1917, na ninachoomba ni hicho hicho kwa watu wetu, wafanyiwe na sisi wenyewe. Historia imeshatuonesha tukiwaachia wengine inakuwaje. Wapagazi wetu waliochukuliwa katika vita vya kwanza vya dunia, wale waliotuachia jina la Kariakoo, walikufa kwa maelfu kwa maelfu na wengi wao hawana hata fungu la mchanga linalojulikana. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ina maandishi kwa Kiswahili na Kiingereza ya kuwakumbuka, na haina jina la askari hata mmoja.

Makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, alikozikwa ami, ni jambo kubwa ambalo nchi yetu imefanya, na nashukuru kwa dhati. Nimefika. Nilitoka Pemba kwa meli mpaka Unguja, Unguja mpaka Dar es Salaam, halafu basi, zaidi ya kilomita 1,300 za barabara. Nilitumia akiba ya msimu mzima wa wageni. Nilikaa mbele ya kaburi lake tangu adhuhuri mpaka alasiri, nikasoma Yasin, nikamwekea mchanga kidogo wa kwetu niliokuja nao kwenye kitambaa. Pako safi, pana kijani, pana upepo mzuri. Lakini Mama Mdogo hawezi safari ile. Magoti yake hayapandi ngazi ya meli, seuze siku mbili za basi. Bibi yangu alikufa mwaka 1994 bila ya kupaona. Julai 25, siku ya Mashujaa, unapowekwa mkuki na ngao na sime na shada la maua, na tarumbeta inapolia, sisi tunaangalia kwenye televisheni. Mama Mdogo hukaa karibu sana na kioo. Nilidhani ni macho yake. Binti yake akaniambia hapana, anatafuta kama wataonesha majina.

Kwa hiyo naomba ukuta. Si mnara mrefu, wala sanamu, wala chemchemi ya maji. Ukuta wa kimo cha mtu, mmoja Unguja na mmoja Pemba, wenye majina ya Wazanzibari waliokufa katika vita vya Kagera na katika kazi nyengine za kijeshi tangu Septemba 1, 1964 jeshi letu lilipoundwa. Ule wa Pemba nashauri ukae Chake Chake, kwa sababu mtu wa Micheweni na mtu wa Mkoani wote wanaingia Chake kwa daladala moja. Majina yachongwe kimo ambacho bibi kizee akisimama anaweza kulifikia kwa kidole. Na mbele ya kila jina iandikwe kazi yake: rubani, fundi wa ndege, dereva, mpishi, mpiga mzinga. Neno hilo moja la kazi naliomba kuliko yote. Lingenitosha mimi siku ile Chapwani.

Pamoja na ukuta naomba kila familia ipewe karatasi moja ya utumishi wa mtu wao. Naelewa kuwa jeshi lina siri zake na kuna mambo hayasemwi, na mimi si mtu wa kuyachokonoa. Lakini zaidi ya miaka 45 imepita. Siku aliyojiunga, kozi alizosoma, vituo alivyokaa, ndege alizozihudumia, alipofia na kwa sababu gani: haya hayawezi kumfaa adui yeyote leo, na yanaweza kumfaa mjane.

Nilishajaribu njia ya kawaida. Niliandika barua ofisi moja upande wa pili wa bahari, nikajibiwa kwa adabu kuwa kumbukumbu za aina hiyo niziulizie Zanzibar. Nikenda ofisi moja hapa Unguja, nikaambiwa kwa adabu hiyo hiyo kuwa ulinzi ni jambo la Muungano, niulizie upande wa pili. Nilifanya hivyo mara tatu. Kila mmoja alisema kweli kwa upande wake, na ndiyo maana barua hii nimeiandika kwenu nyote kwa pamoja, ili muisome mkiwa meza moja. Mtu aliyekufa kwa ajili ya Muungano asikwame katikati ya bahari kati ya pande zake mbili.

Najua pia yatakayosemwa mitaani. Wazee wangu wengine wataniambia dini yetu haipendi kujengea makaburi. Ni kweli, na siombi kujenga juu ya kaburi la mtu. Lakini kwenye kila khitma hapa visiwani, kabla ya dua, maalim huletewa kikaratasi cha majina, akayasoma moja moja, na watu wakaitikia. Hatumuombei maiti kwa kusema "na wengineo". Ukuta ninaouomba ni kikaratasi kile, kiwe cha jiwe ili kisiliwe na mchwa. Na vijana wengine watasema ile ilikuwa vita ya bara, Kagera na Pemba wapi na wapi. Kwao sina jibu refu. Watu wa Pemba walikuwemo. Waliomzaa mmoja wao walikuwa wanachambua karafuu.

Na ikiwa mtaamua kuanza na machache, basi anzeni na watu wa anga, kwa kuwa hao ndio hawana hata nyimbo. Watoto wa skuli waletwe siku ya kufungua, na kila mmoja apewe karatasi ya daftari, aishike kwa ncha mbili, apulize.

Nakala zenye jina la ami, namba yake na barua ile ya mistari mitano nitazileta mwenyewe. Katika fomu, kama ipo nafasi ya rangi ya macho, nimemuuliza Mama Mdogo. Alifikiri kwanza. Anasema meusi, lakini juani yalikuwa yanageuka rangi ya asali. Na kama ipo nafasi ya alama za mwili, andikeni: kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, alilipata akiwa na miaka 12, alipoanguka kutoka juu ya mkarafuu.

Wenu mtiifu,
Mtembeza wageni, Malindi, Unguja